Betri ya Taa ya Kulinda Shamba Usiku: Asidi, Seli za Laptopu au Fosfeti?

Mkulima wa mahindi Ngare Nanyuki au wa maharage Sanya Juu hahitaji kuelezwa kwa nini watu hulala shambani mazao yakikaribia kukomaa. Tembo na nyati hutoka hifadhini gizani, nguruwe pori huja kimya kimya, na kazi ya miezi huliwa kwa usiku mmoja. Upande wa Longido na Simanjiro adui ni fisi kwenye zizi la mbuzi, na mara nyingine simba. Kote huko silaha ya kwanza ni mwanga. Honeyguide, taasisi inayofanya kazi na vijiji vya kaskazini, imewafundisha walinzi wa mashamba kufukuza tembo kwa hatua: kwanza tochi kali, kisha honi, kisha pilipili, na mwisho fataki. Tochi ikizima saa nane usiku, mlinzi amepoteza hatua ya kwanza, ile isiyo na hatari kwake wala kwa mnyama.

Ninazungumzia taa ya kulinda tu. Kuwinda usiku kwa kumulika ni kosa kwa sheria zetu za wanyamapori, na tembo aliyekwisha ingia shambani ni wa kuitiwa askari wa wanyamapori, si wa kufuatwa na tochi.

Swali linalosumbua watu wengi ni betri. Fundi mmoja atakuambia nunua ya asidi, ile ndogo ya UPS (kifaa cha kuipa kompyuta umeme wa akiba), umalize. Mwingine atakuonyesha seli za laptopu za bei nafuu. Wa tatu atasifu lithiamu mpya zinazoandikwa LiFePO4, ambazo hapa nitaziita fosfeti. Wote watatu wana sababu zao. Mimi kwa mlinzi wa shamba anayechajia sola ninachagua fosfeti, na sababu kubwa ni jinsi jua letu linavyojaza betri, jambo ambalo hulikuti kwenye lebo yoyote.

Anza na taa, kisha wati-saa

Kabla ya kuuliza betri gani, uliza taa inakula nini. Taa ya zamani ya halojeni ya gari yenye wati 55 inavuta zaidi ya ampea nne na nusu kwenye volti 12. Betri ndogo ya asidi haitaihimili hata saa moja bila kuumia. Taa ya LED ya pikipiki ya wati 10 inavuta chini ya ampea moja, na kwa kila wati inatoa mwanga mara tatu au zaidi ya halojeni. Kama bado una halojeni, fedha yako ya kwanza iende kwenye taa. Hakuna betri itakayofidia taa inayokula hivyo.

Sasa hesabu. Ukilinda kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri ni saa kumi, lakini taa haiwaki saa zote hizo. Unamulika, unazima, unasikiliza, unamulika tena. Tuseme jumla ni saa tatu. Wati 10 mara saa 3 ni wati-saa 30. Ongeza akiba ya theluthi kwa usiku mbaya, unapata wati-saa 40. Hiyo ndiyo namba ya kwenda nayo dukani, kwa sababu ndiyo pekee inayokuwezesha kulinganisha betri za aina tofauti. Namba ya mAh (miliampea-saa) peke yake haisemi kitu mpaka uizidishe kwa volti: 6,000 mAh za seli moja ya volti 3.7 ni wati-saa 22, lakini 6,000 mAh za betri ya volti 12.8 ni karibu wati-saa 77.

Taa za kumetameta za zizi ni hesabu nyingine kabisa. Richard Turere, kijana Mmaasai wa Kenya aliyekua jirani na Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, alipotengeneza taa zake za kuzuia simba alitumia betri kuukuu ya gari, paneli ya sola na kifaa cha indiketa ya pikipiki, taa zikimetameta kuelekea nje ya zizi. Mwaka 2013 alieleza kazi hiyo kwenye jukwaa la TED. Taa ndogo za namna hiyo zinakula kidogo sana, na betri haihami. Kwa kazi hiyo asidi bado ina heshima yake.

Betri tatu kando kwa kando

Nimechukua ukubwa unaopatikana kwa urahisi na unaokaribiana: betri ya asidi ya volti 12 ampea-saa 7; seli sita za laptopu, zile za aina ya 18650, za 2,600 mAh, tatu kwa mfululizo na mbili mbili sambamba; na seli nne nene za fosfeti za aina ya 32700, za 6,000 mAh kila moja.

| | Asidi 12V 7Ah | 18650, seli sita | Fosfeti, seli nne |
|---|---|---|---|
| Volti ya kawaida | 12 | 11.1 | 12.8 |
| Volti ikijaa, chajani | 14.4 hadi 14.7 | 12.6 | 14.6 |
| Wati-saa za lebo | 84 | karibu 58 | karibu 77 |
| Za kutumia bila kuiumiza | karibu 42 | karibu 50 | karibu 65 |
| Uzito bila boksi | zaidi ya kilo 2 | gramu 300 hivi | gramu 600 hivi |
| Mizunguko ya chaji | 200 hadi 500 | 300 hadi 500 | 2,000 na zaidi |
| Ikikosewa | huvuja, hutoa gesi | huweza kuwaka moto | hustahimili zaidi |

Mstari wa nne ndio unaogeuza mambo. Asidi ina namba kubwa kuliko zote kwenye lebo na ndogo kuliko zote kwenye matumizi. Ukiikamua mpaka mwisho kila usiku itakupa mizunguko 200 hivi. Ukiishia nusu inaweza kufika 500. Kwa hiyo unabeba zaidi ya kilo mbili ili utumie nusu. Ukiiweka juu ya dungu na kuiacha hapo, uzito si kitu. Ukitembea nayo mpakani mwa shamba usiku kucha, bega litakuambia.

Joto nalo lina neno. Kila nyuzi joto 10 zinazoongezeka hukata maisha ya betri ya asidi karibu nusu. Anayelima kwenye skimu ya mpunga ya Lower Moshi au jirani na mashamba ya miwa ya TPC yuko kwenye joto tofauti kabisa na mtu wa Siha. Betri ileile, duka lilelile, na bado mmoja ataizika mapema zaidi. Wa chini aiweke kivulini, tena penye hewa, kwa sababu ikichajiwa kupita kiasi hutoa haidrojeni.

Seli za 18650 ndizo nyepesi kuliko zote kwa nguvu zinazobeba. Kwa tochi ya kichwani au ya mkononi sijaona cha kuzishinda. Tatizo ni soko. Seli halisi ina kipenyo cha milimita 18, urefu wa milimita 65, na zile nzuri zinazouzwa kwa kawaida huishia 3,500 mAh hivi. Ukikuta lebo ya 9,900 mAh, iache mezani. Huo ni uongo wa wazi. Omba mizani ndogo ya viungo au ya dhahabu uipime: seli halisi ina gramu 45 hadi 50. Za bandia mara nyingi ni nyepesi sana, maana ndani ya kopo kuna kiseli kidogo au kitu kingine cha kujaza nafasi. Muuzaji anaweza kubishana na wewe juu ya lebo, lakini mizani haibishani.

Pakiti kuukuu ya laptopu ni chanzo kizuri kuliko seli mpya za bandia, mradi uwe mkali wa kuchagua. Seli iliyoshuka chini ya volti 2 usiifufue, hata ikikubali chaji. Ndani imeshaharibika na inaweza kujiunguza baadaye. Inayopata joto wakati wa kuchaji, itupe. Zinazobaki zijaze mpaka volti 4.2, ziweke wiki mbili, kisha pima. Iliyoshuka chini ya 4.1 inavuja chaji yenyewe na itawaburuza wenzake. Ni kazi ya subira, ndiyo maana mafundi wengi huiruka, na ndiyo maana pakiti nyingi za mitaani hufa ndani ya msimu mmoja.

Fosfeti ni ghali kuliko asidi siku ya kununua. Baada ya hapo karibu kila kitu kinageuka. Volti yake inakaa karibu na 13 muda mwingi wa usiku, hivyo taa haififii polepole kama ya asidi, wala kama ya 18650 tatu za mfululizo ambayo inaanza na 12.6 na kuishia karibu na 9. Taa yenye kidhibiti chake ndani, kama zile zilizoandikwa volti 9 hadi 30, haitajali tofauti hiyo. Lakini taa za utepe za volti 12, zisizo na kidhibiti, zitafifia vibaya kwenye 18650 tatu kabla betri haijaisha. Na kikemia fosfeti ni tulivu. Ikitobolewa au kuchajiwa vibaya haikimbilii moto kirahisi kama lithiamu ya laptopu. Kwa kitu kinacholala kwenye kibanda cha nyasi pamoja na binadamu, hilo peke yake lingenitosha.

Betri za nikeli za kuchaji nimeziacha nje. Zinafaa kwa tochi ndogo za seli mbili tatu. Kupata volti 12 unahitaji seli kumi, na hapo faida imekwisha.

Jua la Kilimanjaro na betri isiyojaa

Paneli ya wati 20 siku ya jua zuri la Januari inaweza kukupa wati-saa 60 baada ya hasara, zaidi ya unachohitaji. Lakini msimu wa kulinda mazao hauji siku za jua tu. Masika yana mawingu, na kuanzia Juni hadi Agosti miteremko ya Kilimanjaro na Meru hukaa siku nyingi chini ya wingu zito la baridi. Siku kama hizo unapata nusu, au chini ya nusu.

Hapa asidi inaumia kwa namna ambayo haionekani. Asilimia 80 za kwanza huingia haraka. Asilimia 20 za mwisho huingia polepole, kwa saa nyingi. Jua linazama kabla haijamaliza. Usiku unaitumia, kesho yake haijai tena. Betri ya asidi inayokaa bila kujaa hugeuza sehemu ya sahani zake kuwa salfeti ngumu isiyorudi, na kila siku uwezo unapungua kidogo. Baada ya miezi mwenye betri anasema haikai na chaji, analaumu duka, ananunua nyingine ileile, na hadithi inaanza upya.

Fosfeti haijali kuwa nusu. Kukaa asilimia 50 ni afya kwake kuliko kujaa kila siku. Ukiipa wati-saa 20 siku ya mawingu, inazipokea karibu zote na kuzitoa usiku. Ndiyo sababu niliyoitaja mwanzoni, na kwangu ina uzito kuliko idadi ya mizunguko.

Mwenye umeme wa TANESCO nyumbani, anayechaji usiku kucha mpaka betri imejaa kabisa kisha anaibeba shambani siku inayofuata, hana tatizo hili. Kwake asidi inaweza kuwa uamuzi mzuri kwa fedha kidogo, akikubali uzito.

Kidhibiti cha sola, kile kinachokaa kati ya paneli na betri, kinataka umakini. Vidhibiti vingi vya bei nafuu vimetengenezwa kwa asidi na hupandisha volti mpaka 14.4 au zaidi. Kwa fosfeti ya seli nne hiyo inaelewana, mradi uzime ile hatua ya kusawazisha inayopanda juu zaidi, au uchague mpangilio wa lithiamu kama upo. Kwa 18650 tatu ni hatari kabisa: ukomo wake ni 12.6. Usiunge pakiti ya 18650 kwenye kidhibiti cha asidi hata kama ina ulinzi ndani, yaani bodi inayokata umeme volti zikizidi. Ulinzi ni wa dharura, haukuwekwa ufanye kazi ya chaja kila siku. Pakiti hiyo itafutie chaja yake ya volti 12.6.

Wala usiunge paneli moja kwa moja kwenye betri. Paneli inayoitwa ya volti 12 hutoa zaidi ya volti 20 ikiwa haina mzigo, na ulinzi wa betri ukikata, volti hizo zote zinaenda kwenye taa.

Kuijenga

Kwa asiye na mashine ya kuchomelea betri, fosfeti ina zawadi moja: zipo seli za 32700 zenye nati pande zote mbili. Unaziunga kwa vipande vya shaba na spana, na siku moja ikifa unaibadilisha hiyo tu. Za 18650 zinahitaji utepe wa nikeli uliochomelewa kwa nukta. Kulehemu kwa risasi moja kwa moja kwenye seli huipasha joto mpaka ndani na kuifupishia maisha. Fundi asiye na mashine mwambie akuelekeze kwa mwenye nayo. Utepe nao una bandia zake: chuma kilichopakwa nikeli juu. Kwaruza kipande kwa msumari, kitumbukize kwenye maji ya chumvi, kiache mpaka kesho yake. Kikitoa kutu ya kahawia, ni chuma.

Kitu ambacho wengi hawakijui kuhusu 18650: kopo lote la seli ni hasi, mpaka ukingoni mwa ile ncha chanya. Kinachotenganisha ni ganda jembamba la plastiki tu. Utepe ukikandamiza ukingo huo na ganda likachanika, umepata shoti ambayo hakuna fyuzi itakayoizuia. Weka pete za karatasi ngumu ya kuhami kwenye kila ncha chanya kabla ya kuchomelea. Seli yenye ganda lililochanika ivalishe jipya kwanza.

Kabla ya kuunga seli sambamba, pima volti zake zikaribiane sana, tofauti isizidi 0.05. Ukiunga iliyojaa na iliyo tupu, moja inamimina mkondo mkubwa kwenye nyingine papo hapo.

Bodi ya ulinzi, ile inayoitwa BMS, lazima ilingane na vitu viwili: idadi ya seli za mfululizo na aina ya kemia. Bodi ya lithiamu ya kawaida itaiacha fosfeti ipande mpaka volti 4.2 kwa seli, wakati ukomo wake ni 3.65. Dukani zinafanana sana, hivyo soma maandishi. Unga nyaya zake nyembamba kwa mpangilio kuanzia hasi kwenda juu, na kwa kila waya pima kwa mita kabla ya kuchomeka plagi: kwenye fosfeti utaona karibu 3.3, 6.6, 9.9, 13.2. Namba ikiruka, umekosea waya. Bodi ya ampea 10 inatosha na kubaki kwa taa ya wati 10.

Fyuzi ya ampea 3 iwe karibu kabisa na ncha chanya, siyo mwishoni mwa waya. Waya wa milimita za mraba 1.5 unatosha kwa mita chache. Boksi la plastiki lenye mfuniko wa kubana linazuia umande. Betri ya asidi lakini iachie matundu.

Pakiti ya lithiamu ikianza kuvimba, kunuka au kutoa moshi, itoe nje kama inashikika, kaa mbali na moshi wake, na imwagie maji mengi ili ipoe. Mchanga hauipozi. Na betri ya asidi iliyokufa usimpe mtu anayeivunja na kuyeyusha risasi uani. Ile sumu inaingia kwa watoto kwanza. Irudishe kwa wanunuzi wa betri chakavu ikiwa nzima.

Kwa kifupi, nani achukue ipi

Mlinzi anayezunguka shamba na kuchaji kwa sola: fosfeti seli nne. Inampa usiku mbili za kawaida bila jua hata kidogo. Mwenye zizi na taa za kumetameta zisizohama, fedha ikiwa kidogo: asidi, na paneli iwe kubwa kuliko hesabu inavyosema ili ijae kabla jua halijazama. Anayetaka tochi ya kichwani, au mpagazi na kiongozi wa wapanda mlima wa Moshi: 18650 halisi, moja au mbili, na za akiba zikae mfukoni karibu na mwili, maana usiku wa kuelekea kilele cha mita 5,895 baridi hupunguza nguvu ya seli kwa kiasi kikubwa. Lithiamu iliyoganda usiichaji mpaka irudi juu ya nyuzi sifuri.

Pakiti ikimalizika kujengwa, usiipeleke shambani usiku huohuo. Ijaze, washa taa nyumbani bila kuzima, andika saa, na ukague kwa mkono kila baada ya dakika chache kama kuna kiungo kinachopata joto. Fosfeti ya mfano wetu inapaswa kuwasha taa ya wati 10 saa sita na zaidi. Ikikaa tatu, kuna seli ya uongo humo ndani: pima volti ya kila seli taa ikiwa bado inawaka, na ile iliyoshuka mbali na wenzake ndiyo ya kurudisha dukani.